Kompyuta za msaada: tuulize kabla ya kupokea

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo nzima hazitimizi masharti ya Windows 11, na wenye uwezo wanazibadilisha. Baadhi zitavuka bahari hadi kwetu kwa jina la msaada: kwa shule, ofisi za parokia na vikundi vya vijana. Maoni yangu ni kwamba hapa Madungu, na Pemba nzima, tusipokee kabla ya kuuliza maswali matatu.

La kwanza: je, ni za aina moja? Swali hili tumefundishwa na miaka ya 2000. Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4 ya gigahezi 1.5, na kufikia Novemba 2004 ilikuwa na ya gigahezi 3.8. Hapo joto likawashinda, na mwaka 2005 wakageukia prosesa zenye viini viwili. Watu waliisifu kasi, lakini aliyetumia mashine ya mtumba aliumizwa na vipuri. Mwaka 2004 prosesa zilihama kutoka tundu la pini 478 kwenda la 775, RAM ikaanza kutoka DDR kwenda DDR2, kadi za picha zikaanza kuacha AGP na kushika PCI Express. Diski nazo zilikuwa njiani kutoka IDE kwenda SATA. Kwa hiyo kompyuta kumi za kuokoteza, za kati ya 2002 na 2005, huenda zisiazimane kipuri hata kimoja. Kumi za modeli moja ni habari nyingine: tatu zikifa, zitazilisha saba zilizobaki kwa miaka.

La pili: zinakula umeme kiasi gani? Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, Pemba ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Leo tuna nafuu, lakini umeme bado unalipiwa. Pentium 4 na monita yake ya chogo ziliweza kula wati 150 na zaidi, ilhali laptopu ya kawaida haizidi 60, tena ina betri ya kumwezesha mwanafunzi kuhifadhi kazi yake umeme ukikatika. Zawadi ya bure isiyowashwa kwa kukosa fedha za umeme ni pambo la mezani.

La tatu: ikifa, itazikwa wapi? Kioo cha monita ya chogo kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Sisi ni watu wa kisiwa, tunakunywa maji ya visima. Meli inayoleta mzigo haiji kuchukua takataka. Nchini Kenya, Computers for Schools Kenya, iliyoanza mwaka 2002, ilikuwa ikizikarabati kompyuta kabla ya kuzipeleka shuleni, na baadaye ikashughulikia pia mabaki yake. Nasi tumwombe mfadhili aahidi tangu mwanzo, kwa maandishi, nani atayaondoa mabaki na kwa gharama ya nani.

Wapo watakaosema kwamba anayepewa hachagui, na kwamba wengi wetu tulijifunza kuchapa kwenye mashine kuukuu. Ni kweli, na shukrani ni wajibu. Wala sisemi tukatae. Kompyuta iliyoachwa na Windows 10, ukiiwekea Linux na diski ya SSD, inaweza kufanya kazi miaka mingi. Lakini wahenga walisema rahisi ghali, na gharama hii haimpati mtoaji aliye mbali. Inampata mwalimu asiyepata kipuri, mhasibu wa parokia anayelipia umeme, na mtoto anayecheza karibu na jalala.

Mfadhili mwema hatachukizwa na maswali haya. Atakayechukizwa huenda alikuwa anatafuta tu mahali pa kutupia.