Chakula cha kulipia kabla Disney: Nani anaokoa, nani anapoteza?

KILA likizo za shule zinapokaribia nchini Marekani, wazazi wanaopanga kwenda Walt Disney World, jimboni Florida, hukutana na swali moja kabla hata hawajafunga mabegi. Je, walipie chakula chote kabla ya safari, au waende na fedha mfukoni na kununua pale watakapohisi njaa? Wamo pia Watanzania na Wakenya wanaoishi huko, ambao wamewaahidi watoto safari hiyo kwa miaka miwili mitatu huku wakidunduliza akiba kutoka kwenye mishahara ya zamu za usiku. Kwao dola 1,000 si fedha ya kuchezea.

Mpango wenyewe si mgumu kuueleza. Kwa kawaida anayelala katika hoteli za kampuni hiyo hununua chakula pamoja na chumba, kwa bei moja kwa kila usiku. Ulianza kwa sura yake ya sasa mwaka 2005, ukasimamishwa mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa Uviko-19, na ukarejea Januari 9, 2024 ukiwa na ngazi mbili. Ngazi ya chini, kwa bei za mwaka huo, ilikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima na dola 23.83 kwa mtoto. Kwa fedha hiyo mtu alipata milo miwili ya kuchukua kaunta, kitafunwa kimoja na kikombe cha kujazia vinywaji hotelini. Ngazi ya juu ilikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na dola 29.69 kwa mtoto, na hapo mlo mmoja kati ya ile miwili ni wa kukaa mezani na kuhudumiwa. Bei hubadilika, lakini mantiki ya hesabu inabaki ile ile.

Yapo masharti mawili ambayo wengi huyasoma harakaharaka. Kwanza, mtoto kwa maana ya mpango huu ni mwenye umri wa miaka 3 hadi 9. Akitimiza 10 analipiwa kama baba yake. Pili, watu wote wa chumba kimoja wenye umri wa kuanzia miaka 3 lazima waingie kwenye mpango, tena kwa siku zote za kukaa. Hakuna ruhusa ya kumwacha bibi anayekula kidogo, wala kulipia siku tatu kati ya tano.

Sasa chukua familia ya baba, mama, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6, wanaolala usiku tano. Kwa ngazi ya chini na bei za 2024, wanalipa bei ya watu wazima watatu, yaani dola 171.03, na mtoto mmoja dola 23.83. Jumla ni dola 194.86 kwa usiku, au dola 974.30 kwa safari nzima. Hapo familia inakuwa na milo 40 na vitafunwa 20, na mzazi anayeitazama orodha hiyo huona kama shehena ya neema.

Lakini thamani ya shehena hupimwa kwa bei ya sokoni. Tuseme mlo wa kaunta wa mtu mzima, pamoja na soda, unagharimu wastani wa dola 18, wa mtoto dola 9, na kitafunwa dola 6.50. Kikombe cha hotelini, gharama yake ikigawanywa kwa usiku zote, kipewe dola 4.50. Bei ya mpango tayari ina kodi ndani yake, hivyo ni haki kumwongezea mnunuzi wa fedha taslimu kodi ya mauzo ya asilimia 6.5 inayotozwa katika Kaunti ya Orange. Kwa makadirio hayo, mtu mzima angetumia kama dola 50.06 kwa siku. Mpango unamtoza dola 57.01. Kwa hiyo kila usiku amepoteza karibu dola 7, na hapo amekula kila kitu alicholipia bila kubakiza hata biskuti moja.

Kwa mtoto wa miaka 6 hesabu inageuka. Chakula chake kingegharimu dola 30.89, naye analipiwa dola 23.83. Ameokoa dola 7 na senti kidogo.

Ukijumlisha, watatu wanapoteza na mmoja anaokoa, na familia nzima inazidiwa kama dola 69 kwa safari. Si fedha ya kuwafilisi. Lakini mtu aliyeuziwa kitu kwa kauli ya kuokoa hakutarajia kulipa zaidi.

Hapa ndipo panapojitokeza jambo ambalo vipeperushi havilisemi waziwazi. Mpango unaruhusu kinywaji kimoja kwa kila mlo, na kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea kinywaji hicho chaweza kuwa bia au mvinyo mahali inapouzwa. Ikiwa bia inazidi soda kwa dola 5, wazazi hawa wakinywa bia kwa kila mlo wa kaunta, hasara ya dola 7 kwa kila mmoja inageuka faida ya karibu dola 3.70. Hivyo kinachoamua kama familia inaokoa si njaa bali ni pombe. Mwislamu, Msabato, au mzazi asiyetaka kulewa mbele ya watoto wake kwenye jua la Florida, analipia bei iliyopangwa kwa mnywaji.

Anayeumia zaidi katika meza hiyo ni binti wa miaka 11. Analipa bei ya mtu mzima, haruhusiwi pombe kwa miaka kumi ijayo, na huenda angeridhika na vipande vya kuku vya watoto. Familia yenye watoto watatu wa sekondari haina haja ya kikokotoo. Yenye watoto watatu wa chini ya miaka 10 inayo sababu ya kuutazama mpango kwa makini, hasa ngazi ya juu, kwa kuwa mlo mmoja wa mezani unaohudhuriwa na Mickey na wenzake waweza peke yake kuzidi zile dola 29.69 za mtoto. Kwa safari za mwaka 2026 kampuni ilikwenda mbali zaidi na kutangaza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 watapata mpango bure endapo watu wazima wao wataununua. Ni ofa nzuri kweli kwa wenye watoto wadogo. Wenye vijana haikuwagusa.

Hesabu yote hiyo, hata hivyo, ina kasoro moja kubwa ambayo hata wachumi huifanya wakiwa likizoni. Inalinganisha mpango na bei iliyoandikwa kwenye menyu, wakati ilipaswa kuulinganisha na kile ambacho familia ingetumia kama mpango usingekuwapo. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Walt Disney World inaruhusu wageni kuingia na chakula chao, ilimradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Migahawa ya kaunta inayouza vinywaji hutoa maji ya barafu bure kwa anayeomba. Mama aliyezoea kufunga chapati na mayai ya kuchemsha kwa safari ya basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam hatashindwa kubeba mkate, ndizi na siagi ya karanga kutoka duka kubwa la Kissimmee. Akiandaa kifungua kinywa chumbani, akanywesha watoto maji badala ya soda, na wakubwa wawili wakagawana sahani moja mchana, matumizi halisi yanaweza kushuka hadi nusu ya zile dola 974. Kumwambia mama huyo kwamba ameokoa kwa sababu alikula chakula cha bei kubwa kuliko alicholipia ni sawa na kumpongeza mkulima aliyenunua mifuko 20 ya mbolea kwa punguzo ilhali shamba lake linahitaji mifuko 8.

Kwa nini basi watu wanaojua kuhesabu bado wananunua? Wachumi Drazen Prelec na George Loewenstein waliandika mwaka 1998 kuhusu maumivu ya kulipa, na jinsi mtu aliyelipa mapema anavyokifurahia kitu kana kwamba ni cha bure. Mwaka 2006 Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walionyesha upande wa pili wake. Wanachama wa vituo vya mazoezi waliolipa kwa mwezi zaidi ya dola 70 walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu, hivyo kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17 wakati wangeweza kulipa dola 10 kwa ziara kwa kutumia pasi ya ziara kumi. Binadamu hujikadiria kupita kiasi anapolipa mapema. Kila mwenye kifurushi cha intaneti kilichokwisha muda kabla ya kutumika analijua hilo bila kusoma jarida.

Disney wenyewe ni wakongwe katika mchezo huu. Mwaka 1971, mwaka ule ule Walt Disney World ilipofunguliwa, mchumi Walter Oi alichapisha makala iliyopata umaarufu akihoji kama Disneyland ya California itoze zaidi mlangoni au kwa kila mchezo. Wakati huo wageni walinunua vitabu vya tiketi zenye herufi A hadi E, utaratibu uliokuja kufa mwaka 1982. Kuponi za chakula za leo ni ndugu wa tiketi hizo.

Ipo pia ile ofa ya chakula cha bure ambayo imekuwa ikitolewa mara kwa mara tangu 2005. Kwa kawaida anayeipokea hulipa chumba kwa bei kamili, bila punguzo ambalo angelipata kwa njia nyingine. Watu wanne ndani ya chumba cha bei ya chini hunufaika. Watu wawili katika hoteli ya kifahari huenda wamelinunua lile la bure kwa bei ya juu kuliko lilivyokuwa likiuzwa.

Haitakuwa haki kusema mpango hauna thamani. Kujua kabla ya kupanda ndege kwamba chakula kimelipwa, na kwamba mtoto akiomba aiskrimu hakuna uso utakaokunjwa, ni kitu ambacho wazazi wana haki ya kukinunua. Katika familia ya mfano bei yake ni dola 69. Mzazi anayeiona inafaa ailipe bila aibu, ila aiandike kwenye daftari kama matumizi, si akiba. Na aweke bakshishi pembeni, kwa kuwa kwa kawaida haimo.

Wafanyabiashara wa Nungwi na Kiwengwa wanaufahamu upande mwingine wa jambo hili. Mgeni aliyelipia kila kitu hotelini hana sababu ya kutoka kwenda kula pweza kijijini, hata kama pweza huyo ni mtamu na bei yake ni ndogo. Migahawa iliyo nje ya lango la Disney iko katika hali hiyo hiyo.

Kuponi hufa saa 5:59 usiku wa siku ya kuondoka. Ndiyo maana siku hiyo, katika maduka ya hoteli za Disney, huonekana wazazi wakiwa na mabegi miguuni, wakikusanya peremende na pakiti za bisi ambazo hakuna aliyeziomba, ili kumaliza vitafunwa vilivyobaki kabla basi la uwanja wa ndege halijafika.