Kujifungulia nyumbani: si hoja ya mahali tu

Wataalamu wa uzazi hawajakubaliana kuhusu usalama wa kujifungulia nyumbani. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa mama asiye na matatizo na ambaye amewahi kuzaa, hatari kwa mtoto haikuongezeka nyumbani. Kwa mimba ya kwanza, matokeo mabaya kwa mtoto yalikuwa takriban 9 kwa kila uzazi 1,000, yakilinganishwa na 5 katika wodi za hospitali. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani nacho hushikilia kuwa hospitali na vituo vya uzazi vilivyoidhinishwa ndivyo salama zaidi.

Hapa kwetu wako wanaotumia hoja hiyo ya Uingereza kuwatetea wakunga wa jadi. Mimi sikubaliani nao. Mkunga wa Uingereza amehitimu, amesajiliwa, hubeba dawa ya kuzuia damu, na akiita ambulensi huja. Je, mama wa Mathare anayeshikwa na uchungu usiku wa manane ana nini? Vichochoro visivyopitika kwa gari na teksi inayodai pesa kwanza. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Mkunga wa jadi, hata awe na uzoefu wa miaka 30, hana damu ya kumwongeza.

Lakini madaktari nao wasiwalaumu akina mama bure. Mwaka 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Waliojifungulia hospitalini na katika zahanati walikuwa asilimia 43 katika takwimu za 2008-09. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 82. Waliosalia si wajinga. Wako wanaokimbia matusi ya wodini na kulala wawili kitanda kimoja, ilhali mkunga wa jadi humkanda mama mgongo na kumwita binti yangu.

Basi mkunga huyo asifukuzwe. Awe msindikizaji, amlete mama mapema, na aruhusiwe kuketi kando yake hadi mtoto azaliwe. Wauguzi nao wajifunze ule upole wake.

Nawe mama mjamzito, hudhuria kliniki, weka nauli kando, na ujue mapema ni nani atakayekufikisha hospitalini usiku. Uchungu haupigi hodi.