Mlango wa Edinburgh u wazi, kizingiti ni viza na kitanda

MSANII wa Kenya anayepania kuonyesha kazi yake katika Edinburgh Festival Fringe, tamasha kubwa zaidi la sanaa za maonyesho duniani, huambiwa kwanza habari njema: hakuna jopo la waamuzi. Hakuna anayeusoma mswada wake na kuutupilia mbali. Mradi amepata ukumbi na kulipa ada ya usajili, jina lake litaorodheshwa katika ratiba sawa na la nyota wa televisheni.

Habari ya pili huwa anaigundua baadaye, aghalabu akiwa tayari amekwisha kutoa pesa. Kalenda ya tamasha hilo na kalenda ya viza ya Uingereza haziendi sambamba. Anayetoka Nairobi au Mombasa hulazimika kujifunga kwa mikataba na malipo kabla hajajua iwapo ataruhusiwa kukanyaga ardhi ya Scotland.

Hili ndilo suala ambalo wanaohimiza vijana wetu "kuuza sanaa ng'ambo" hawana budi kulitazama kwa makini.

Chimbuko la Fringe linaeleza sifa yake ya kupokea kila mtu. Mnamo 1947, miaka miwili baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mji wa Edinburgh ulianzisha tamasha rasmi la kimataifa la muziki na tamthilia. Vikundi vinane vya maigizo, sita vya Scotland na viwili vya Uingereza, vilifika bila kualikwa na vikatafuta kumbi vyenyewe. Mwaka uliofuata mwanahabari na mwandishi wa tamthilia Robert Kemp aliyataja maonyesho hayo ya pembeni, na jina la Fringe likashika. Chama cha kusimamia shughuli hiyo kiliundwa mwaka wa 1958, na tangu hapo kimeshikilia kanuni kwamba hakitachagua nani aonyeshe na nani asionyeshe.

Kanuni hiyo imezaa matunda. Tamthilia ya Tom Stoppard, Rosencrantz and Guildenstern Are Dead, ilianzia huko 1966. Phoebe Waller-Bridge alipeleka Fleabag mwaka wa 2013 akiwa peke yake jukwaani, kabla haijawa kipindi maarufu cha televisheni. Mnamo 2019, mwaka wa mwisho kabla ya janga la Covid-19, kulikuwa na maonyesho 3,841 na tikiti zaidi ya milioni tatu zilitolewa. Tamasha la 2020 lilifutwa, na kufikia 2024 idadi ya tikiti ilikuwa imepanda tena hadi zaidi ya milioni 2.6. Yote haya hufanyika kwa takriban wiki tatu na nusu za Agosti, katika mji wenye wakazi wapatao nusu milioni.

Idadi hiyo ndiyo neema ya Fringe na ndiyo balaa yake. Palipo na maonyesho zaidi ya elfu tatu, msanii asiyejulikana hupiganiana na wenzake kila siku ili apate watu kumi na watano wa kumtazama. Atazunguka barabara ya Royal Mile asubuhi akigawa vijikaratasi vya matangazo, kisha jioni apande jukwaani akiwa amechoka.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mchekeshaji amepata ukumbi mdogo wa viti 50, anauza tikiti kwa pauni 10, na kila siku wanafika watu 15. Kwa siku 24, mauzo ni pauni 3,600. Mgao uliozoeleka humwachia msanii asilimia 60 na ukumbi asilimia 40, hivyo fungu lake ni pauni 2,160. Tukikadiria pauni moja kuwa Sh170, hizo ni takriban Sh367,000. Kutoka humo atoe nauli ya ndege, chakula, mabango, ada ya usajili, viza na malazi ya karibu mwezi mzima. Isitoshe, baadhi ya kumbi hudai kiwango fulani cha chini ambacho lazima kilipwe hata viti vikibaki vitupu.

Malazi ndiyo donda ndugu. Kila Agosti wageni hugombania vyumba na bei hupaa. Mnamo Agosti 2025 hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu bendi ya Oasis ilitumbuiza usiku tatu katika uwanja wa Murrayfield tamasha likiendelea. Tangu Oktoba 2023, wenye nyumba za kukodisha kwa muda mfupi nchini Scotland wanahitaji leseni, hatua iliyokusudiwa kuwakinga wakazi ambao mitaa yao ilikuwa ikigeuka mabweni ya watalii. Wasanii walilalamika kwamba sheria hiyo ingepunguza vyumba. Aidha, Januari 2025 baraza la mji liliidhinisha ushuru wa asilimia tano ya gharama ya malazi, kuanzia Julai 24, 2026, unaotozwa kwa siku tano za kwanza za ukaaji.

Ni kweli kwamba njia za kupunguza makali zipo. Vyuo vikuu hukodisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo. Kuna wanaolala Leith, Musselburgh au hata Glasgow, safari isiyofika saa moja kwa treni. Lakini anayelala Glasgow na kupanda jukwaani saa tano usiku sharti aiangalie ratiba ya treni kabla ya kutia saini mkataba wa ukumbi.

Sasa tuje kwenye viza. Kwa haki, sheria za Uingereza si mbaya kwa maandishi. Fringe imo katika orodha ya matamasha ambayo msanii wa kigeni anaweza kushiriki, na hata kulipwa, kwa viza ya kawaida ya mgeni bila kuhitaji kibali cha kazi. Ada ya viza hiyo ilikuwa pauni 127 mnamo 2025, na uamuzi hutarajiwa ndani ya wiki tatu.

Tatizo ni wakati. Ombi haliwezi kuwasilishwa mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari. Anayesafiri Agosti 1 ataanza kuomba Mei 1. Ilhali kumbi nzuri hutafutwa wakati wa baridi kali ya kwao, vyumba vya bei nafuu huisha mapema, na usajili wa kuingia katika ratiba iliyochapishwa hufungwa kabla ya ratiba hiyo kuzinduliwa Juni. Kwa hivyo, kufikia siku anapokabidhi pasipoti yake, mzigo wote wa hasara umekwisha kumwelemea yeye. Akikataliwa, ada ya viza hairudi na kwa kawaida hana nafasi ya kukata rufaa. Ataomba upya na kulipa upya, huku Agosti ikibisha hodi.

Na kukataliwa si jambo la kudhania tu. Mnamo 2018, mkurugenzi wa wakati huo wa tamasha la vitabu la Edinburgh, Nick Barley, alijitokeza hadharani kueleza kwamba waandishi wapatao kumi na wawili walikuwa wamepata taabu kubwa ya kupewa viza. Hao walikuwa wamealikwa na taasisi inayotambulika. Je, yule ambaye hakualikwa na yeyote, kwa kuwa Fringe haimwaliki mtu?

Afisa wa viza hutaka kuona kipato cha kudumu na sababu ya mwombaji kurudi kwao. Mchekeshaji wetu anayelipwa kwa M-Pesa baada ya kila hafla hana hati ya mshahara. Mcheza sarakasi hana mwajiri wa kumwandikia barua. Wasanii wa aina hii wanapaswa kuanza mwaka mzima kabla: kupitisha mapato yao benki, kuhifadhi mikataba, kulipa ushuru kwa jina lao, na kuambatisha barua ya ukumbi pamoja na uthibitisho wa usajili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wakenya wamewahi kufaulu. Kundi la wanasarakasi la The Black Blues Brothers limeonyesha Fringe na kushangiliwa. Lakini kundi hilo lilikwenda likiwa na mtayarishaji Mwitaliano aliyejua soko la Ulaya. Vipaji vilikuwa vya Kenya. Mtaji na mipango ilitoka kwingine.

Mataifa mengine yaliling'amua jambo hili zamani. Taiwan na Korea Kusini hupeleka misimu maalumu ya maonyesho yao, na Ubelgiji ina mpango wake. Hata Scotland yenyewe, yenye tamasha mlangoni, imekuwa ikifadhili maonyesho yake kupitia mpango wa Made in Scotland tangu 2009. Nchi hizi zimetambua kuwa mlango ulio wazi kwa wote hupitwa kwanza na wenye uwezo, na kwamba hasara ya kujaribu haifai kubebwa na mtu mmoja.

Kenya ina tamasha la kitaifa la maigizo la shule na vyuo ambalo hukuza maelfu ya vijana, kisha huwaacha wakimaliza masomo. Wizara inayosimamia utamaduni ingeweza kuteua maonyesho matatu au manne kwa uwazi, kukodi ukumbi mmoja kwa zamu, kupanga nyumba moja, na kuwaandikia wasanii barua moja yenye uzito mbele ya afisa wa viza. Gharama yake haikaribii ile ya misafara ya maafisa tunayoizoea.

Hadi hapo serikali itakapoamka, msanii mwenye busara asianze na mwezi mzima. Mwaka wa kwanza aende kama mtazamaji kwa siku tano, ajionee kumbi na kuzungumza na wanaozimiliki. Safari hiyo pia itampa rekodi ya kwenda na kurudi katika pasipoti yake. Mwaka wa pili apeleke onyesho la wiki moja, ikiwezekana katika zile kumbi zisizotoza kodi ambako watazamaji huchangia wanapotoka. Na kabla ya kutia saini lolote, aulize swali moja kwa maandishi: nikinyimwa viza, ni kiasi gani kitarudishwa? Ukumbi usiokuwa na jibu la swali hilo haumfai anayetoka huku.