Ukumbi wa Uvira uanze na mto

Tukizungumzia ukumbi wa mikutano wa jiji la Uvira, wengi hapa mtaani Kimanga macho yao hukimbilia Kigali, kwenye kuba lililofunguliwa 2016 kwa mfano wa nyumba ya mfalme ya nyasi. Usiku linawaka rangi. Zuri, hatubishi.

Sisi tungeitazama Arusha kwanza. Kuna majengo kule yaliyojengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ya awali ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata yakageuzwa kituo cha mikutano, AICC. Baadaye mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikakaa humo miaka na miaka. Hata ukumbi wa mikutano wa KICC wa Nairobi, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyokamilika 1973, ulianza kama wazo la ofisi za chama cha KANU. Majengo hayo yamedumu kwa sababu yalikubali kazi nyingine.

Ukumbi wa Uvira nao utahitaji kazi nyingine, kwa kuwa mji umebanwa kati ya milima na ziwa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukazoa nyumba na roho za watu. Basi mchoro wowote utakaoletwa mbele ya meya uonyeshe kwanza maji yatapita wapi. Sakafu iinuliwe, madirisha yapokee upepo wa ziwa umeme ukikatika, vyoo na jiko vitoshe familia zitakazokimbilia humo mvua ikizidi. Kuba, kama fedha zitabaki, lijadiliwe mwishoni.