Kosa la Sarufi au Kosa la Macho?

Ubaoni mwalimu ameandika "mmesoma". Daftarini mtoto ameandika "nimesoma". Wengi wetu husema papo hapo kwamba hajui viambishi vya nafsi. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka. Huenda mtoto huyo haoni mbali: kitabu kilicho mkononi hukisoma barabara, lakini herufi za ubaoni huziona kama zimefunikwa na ukungu. Hapa Uganda, ambako watoto wengi hukutana na Kiswahili darasani, hasara hiyo ni kubwa. Basi, mwalimu mtarajiwa, kabla ya kumkosoa mpe imla ya sentensi ile ile. Akiiandika sawa, msogeze mbele, kisha mshauri mzazi ampeleke akapimwe macho. Kalamu nyekundu haiponyi macho.