Alfajiri Ndani ya Basi

Mama mmoja wa Longisa, huko Bomet, anakusudia kuwaleta wanawe wakione kisiwa cha Lamu, kwa mabasi ya abiria. Atuuliza: usiku baina ya Nairobi na Mombasa, dereva akikataa kusimama, Alfajiri ataiswalije?

Swala hiyo haikusanywi na nyingine wala haipunguzwi. Twamnasihi azungumze na dereva kabla ya kupanda. Wengi ni waungwana. Akikataliwa, aiswali kitini awezavyo kwa kuuheshimu wakati, kisha airudie ashukapo. Ndivyo tulivyosomeshwa katika madhehebu yetu ya Kishafii.

Basi la Lamu hukomea Mokowe, kisha huvukwa kwa boti. Akinuia kukaa kisiwani siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, aswali rakaa zote tangu afikapo.