Krismasi ya Poirot: ukweli kwanza, karamu baadaye

Vijana wenzangu, kuna wanaosema filamu ya Poirot ya Krismasi ni mambo ya Wazungu tu. Mimi naona inatuhusu sana.

Kitabu cha Agatha Christie cha 1938 kinaanzia Uingereza. Tajiri mzee Simeon Lee anaita watoto wake sikukuu, halafu anakutwa amekatwa koo ndani ya chumba kilichofungwa. Ile ya televisheni, David Suchet akiwa Poirot, inaanzia Afrika Kusini: Simeon akiwa kijana anamuua mwenzake kwa sababu ya almasi. Hapo ndo walifanya vizuri. Unajua mapema utajiri wa ile nyumba ulitoka wapi.

Huwa tunaambiwa: yaliyopita yamepita, kaeni mle pamoja. Lakini kwa Simeon chakula kilikuwepo, ukweli haukuwepo. Damu ikamfuata hata uzeeni. Muuaji simtaji, tazameni wenyewe.

Kusamehe ni kuzuri, ila kwanza tujue nani alifanya nini. Poirot naye alikuwa mkimbizi, Mbelgiji aliyekimbilia Uingereza wakati wa vita, na hakuogopa kuuliza. Na sisi tuulize, kwa mdomo, sio kwa kisu.